Sauna ya Zamu Mbili

Kijijini kwetu hakuna anayepiga simu kuuliza kama Tauno Juntunen yu mzima. Jumamosi asubuhi watu hufungua pazia, hutazama upande wa mto, na wakiuona moshi umelala juu ya misonobari, basi Tauno yu mzima, ameshawasha sauna, nao hurudi kwenye kahawa yao. Moshi huo upo tangu enzi za babu yake. Sauna yenyewe, kijumba cha kuogea kwa mvuke, ni ya kizamani, isiyo na bomba la moshi: magogo meusi tititi kwa masizi, rundo la mawe pembeni, na tundu dogo ukutani la kutolea moshi. Kuiwasha si kazi ya mvivu. Moto huanza asubuhi na hulishwa kuni mpaka alasiri, kisha makaa hutolewa yote, maji ya kwanza humwagwa juu ya mawe bila mtu ndani ili hewa mbaya itoke, halafu nyumba huachwa itulie. Ukiharakisha, utaumwa kichwa. Ukiharakisha sana, utazikwa.

Tauno hakuwahi kuharakisha. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la kusukuma theluji, na theluji ya mkoa wetu wa Kainuu haina adabu, hupenda kuanguka watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo aliamka wakati wenzake wanageukia upande wa pili wa mto wa kulalia, akawafungulia njia gari la maziwa, gari la shule, mkunga na jeneza. Sirkka wa dukani alimpenda sana. Tauno akamwambia wataoana theluji ikipungua. Sirkka akangoja msimu mmoja, akangoja wa pili, kisha akaolewa mjini Oulu na mtu anayefanya kazi ndani ya nyumba. Tauno hakulalamika. Alimtunza mama yake mpaka alipofariki, akastaafu, na watu wakaendelea kumwita kila palipo na kitu kizito: gari limeingia mtaroni, kinanda cha kanisa kinahamishwa, kaburi linachimbwa na ardhi imeganda. Mwiteni Tauno, walisema, yule hachoki. Ukiambiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, mwisho unakosa hata mahali pa kuchokea.

Alikuwa na marafiki wawili tu, na sidhani kama alihitaji zaidi. Ensio Moilanen, aliyekuwa akipeleka barua za posta, mwembamba, mdomo haufungi, anakaa ng'ambo ya mto. Reijo Kyllönen, mkata miti, mabega yake yanajaza mlango, maneno yake machache na mengi kati ya hayo ni ya kukataa, anakaa juu mlimani. Watatu hawa walikaa dawati moja shuleni, na tangu utoto Jumamosi yao ilikuwa moja: sauna ya Tauno, kisha mtoni, kisha soseji na bia barazani bila kusema mengi, isipokuwa Ensio.

Ugomvi wao ulitokana na nyama. Kila vuli kikosi cha wawindaji wa kijiji huua kulungu wa huku, mnyama mkubwa kuliko fahali, na nyama hugawanywa mafungu kwa mafungu juu ya mbao. Ili pasiwe na upendeleo, mtu mmoja husimama akiyapa mafungu mgongo. Mwingine hugusa fungu na kuuliza, hili la nani, na yule aliyegeuka hutaja jina. Hakuna mizani inayoaminika kwetu kuliko mgongo huo. Vuli ile mgongo ulikuwa wa Reijo, kama ilivyokuwa kawaida, na Ensio akapewa fungu la shingo. Lilikuwa la shingo mwaka uliopita pia, na mwaka wa kabla yake. Ensio akainua macho kwa hasira, akaliona dirisha mbele ya uso wa Reijo. Nje giza, ndani taa, na kwenye kioo mafungu yote yanaonekana kama yamewekwa mezani.

Akalisema hilo mbele za watu. Huku kwetu unaweza kumwambia mtu kwamba mkewe kamkimbia, na bado mkanywa kahawa pamoja. Lakini ukimwambia kwamba mgongo wake una macho, umemvua nguo. Reijo aliweka kisu chini, akaenda zake bila kuchukua hata fungu lake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Ensio alifika sauna, akayaona mabuti ya Reijo barazani, akageuza. Reijo naye akasema: yule akija, mimi siji. Ensio akasema kwamba yeye yuko tayari kuja siku yoyote, ila si pamoja na yule. Majina yao yakafa hapo, kila mmoja akawa yule. Na Tauno, ambaye hajawahi kujifunza neno hapana, akasema basi njooni kwa zamu, mmoja atangulie na mwingine afuate, na wiki ijayo mbadilishane. Alidhani ni jambo la wiki mbili tatu. Likaingia msimu wa pili wa baridi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale wawili hawakuona kitu. Kila mmoja alikuja kwa saa yake, akakuta sauna imepata moto, maji yamejaa, kitita cha matawi ya mti wa koivu cha kujichapia mwilini kimelowekwa, akaoga, akashukuru, akaenda. Kati ya zamu na zamu hawakuwepo. Hapo Tauno alikuwa akipiga deki mbao, akiteka tena maji mtoni, akivunja tena utando wa barafu uliorudi juu ya shimo la kuzamia, akificha kikombe cha wa kwanza ili wa pili asikione. Maana Reijo alikuwa akinusa. Hapa alikaa yule, alisema, naye akahamia upande mwingine wa ubao.

Tena hakuweza kuwaachia waoge peke yao. Mtu mmoja ndani ya sauna ni mtu anayejisafisha tu, hiyo si Jumamosi. Na shimoni hakuna anayekwenda peke yake, hiyo ni sheria hata kwa watoto: mmoja akiwa majini, mwingine husimama juu ya barafu mpaka mwenzake atoke. Kwa hiyo Tauno alipanda benchi la juu mara mbili, akaungua mara mbili, akazama mtoni mara mbili, akala soseji mara mbili bila njaa. Angezama mara moja tu, aliyenyimwa angelijua na kulihesabu. Usiku alilala viungo vikigonga, na alfajiri mwili ukamwamsha kwa ajili ya theluji ambayo siku hizi husukumwa na kijana mwingine.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili ilikuwa baridi ya kukausha mate kinywani. Zamu ya Ensio ilipita salama. Katika zamu ya Reijo, Reijo alizama, akatoka, na kama desturi yake akashika njia ya kurudi juu, kwa sababu akisimama nyayo zake hugandia barafuni. Tauno akaingia. Maji yakamfunga kifua, hilo alilizoea. Alipotaka kutoka, mikono ikagoma. Haikuuma. Iligoma tu, kama ng'ombe anayekataa mlango wa zizi. Akaing'ang'ania ngazi kwa viwiko, akautazama mgongo wa Reijo ukipanda, na taa ikiwaka kwenye kigingi chake kando ya shimo. Akawaza kwamba yeye ni mlinzi wa wote wawili, na mlinzi hana wa kumlinda.

Hakupiga kelele. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo mimi ninayesimulia. Sauti alikuwa nayo, lakini aliona haya kumrudisha mtu mzima kwenye baridi. Akajikaza kisabuni, akatoka, hata yeye hajui kwa nguvu zipi, akapanda, akamkuta Reijo ameshavaa suruali na anauliza kama soseji ziko tayari.

Wiki nzima jambo hilo lilikaa naye mezani. Alijua kwamba mikono itagoma tena, na siku hiyo viwiko navyo vitagoma. Angeweza kuwaambia. Lakini akiwaambia kwamba ana nguvu za zamu moja tu, ya nani? Atakayebaki atakuwa ameshinda, na atakayeondoka hatarudi, maana aliwajua wale wawili kwa ukaidi, angewachonga kwa mbao bila kuwatazama. Rafiki wa miaka yote hiyo angemkosa kwa ajili ya shingo ya kulungu. Njia mbili zilimshinda fisi, na Tauno hata fisi hakuwa, alikuwa mzee mwenye magoti mabovu.

Jumamosi ikafika. Aliamka gizani kama kawaida, akabeba kuni, akazipanga chini ya mawe, akaweka maganda makavu ya koivu mbele yake, akatoa kiberiti. Njiti ikawa mkononi. Akaitazama. Aliona siku nzima mbele yake, ndoo moja moja, hatua moja moja, zamu ya kwanza na ile ya pili, na shimo jeusi mwisho wa njia. Hakukata shauri lolote. Aliketi tu kwenye ubao wa chini apumzike kidogo, akaegemea, akalala chali na koti lake, kofia ya manyoya imemfunika masikio, mikono juu ya kifua. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Jua lilitoka, moshi haukutoka. Mke wa Reijo ndiye aliyeona kwanza, akamwambia mumewe kwamba kwa Tauno kweupe. Reijo akasimama dirishani, kisha akasimama tena, kisha akafunga mbao zake za kutelezea thelujini bila kumaliza uji. Ng'ambo ya mto Ensio alikuwa ameshika darubini yake, ile anayosema ni ya kutazamia ndege. Naye akatoka, akakisukuma kigari chake cha theluji juu ya mto ulioganda, mguu mmoja ubaoni na mguu mmoja ukipiga barafu.

Walikutana uani kwa Tauno, mmoja akitoka juu na mmoja akitoka chini. Hawakusalimiana. Reijo aliingia nyumbani kwa mlango wa mbele, Ensio akaingia kwa wa jikoni, wakapekua vyumba vile vile viwili wakipishana kama hawaonani. Kitanda kimetandikwa. Birika la kahawa limepoa. Basi wakateremka sauna, na mlangoni wakabanana mabega, maana hakuna aliyekubali kubaki nyuma.

Ndani hapakuwa na joto wala moshi. Tauno alikuwa amelala juu ya ubao, kanyooka, mikono kifuani. Na hapa lazima niseme jambo moja: zamani maiti za kwetu zilioshwa sauna, na zikalazwa juu ya ubao huo huo mpaka jeneza liwe tayari. Bibi yake Tauno alilazwa hapo, na wale wawili, wakiwa wavulana, walichungulia.

Ensio akavua kofia. "Ametangulia," alisema.

"Acha uchuro. Maiti haivai mabuti."

"We unajua nini kuhusu maiti? Baba yangu alikufa na mabuti miguuni."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu kioo cha dirisha, na ona walikoanzia. Tauno aliyasikia. Alikuwa ameamshwa na theluji ikilia chini ya miguu yao, lakini kufungua macho nako ni kazi, na yeye kazi zilikuwa zimemwishia. Akajilalia.

Reijo akamwambia mwenzake amshike mkono aone kama una joto. Ensio akamwambia amshike yeye, si ndiye aliyekuwa naye wa mwisho. Reijo akauliza wa mwisho maana yake nini, na nani hasa aliyemchosha mzee huyu kwa kulilia zamu ya kwanza kama mtoto anayelilia pipi. Ikawa kelele juu ya mtu aliyelala. Tauno akawaza kwamba hata kufa mbele ya hawa kunahitaji nguvu.

"Angalau mimi simwachi majini," Ensio akasema.

"Nani kamwacha majini?"

Ensio akalitoa lote. Jumamosi iliyopita, baada ya zamu yake, alisimama dirishani kwake na darubini, na wala hakukuwa na ndege. Aliiona taa kando ya shimo. Alimwona Reijo akipanda. Alikiona kichwa cha Tauno kimebaki juu ya maji, kikabaki, kikaendelea kubaki. Yeye Ensio akaanza kuvaa mabuti, na buti moja lilikuwa limeshaingia mguuni Tauno alipojivuta nje kwa tumbo, akalala juu ya barafu kifudifudi kama gogo, kisha akainuka kwa magoti.

Reijo alikaa chini kwenye kizingiti.

"Uliona hayo," alisema, "ukanyamaza wiki nzima."

"Ningemwambia nani? Wewe?"

"Ndiyo. Mimi."

Ensio alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha. Reijo akatazama sakafu nyeusi na kusema, si kwa Ensio wala kwa mtu yeyote, kwamba hajawahi kugeuka nyuma kumtazama Tauno, si wiki ile tu, bali tangu ujana wao. Wengine aliwangoja. Tauno hakumngoja.

"Nilijua atakuja tu," alisema. "Si Tauno bwana."

Tauno akafungua macho. Ensio akaruka nyuma, akajigonga ukutani, na koti lake lote la kijivu likapigwa chapa ya masizi mgongoni.

"Uko hai, mzee?"

"Nimechoka," Tauno alisema.

Wakangoja aendelee. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake, hata siku ile gari la theluji lilipopinduka akatembea usiku kucha mpaka kijijini, hata wiki aliyomzika mama yake. Walidhani ni mwanzo wa jambo jingine. Hakukuwa na jingine.

"Nimechoka mwilini, na nimechoka nanyi," akasema tena, bila kuinua sauti, akitazama dari. "Mnanipasua kama kuni. Mimi nina kifua kimoja. Sitawasha tena kwa zamu mbili, leo wala siku nyingine. Kiberiti kile pale chini. Anayetaka sauna awashe, ila moto ni mmoja na mlango ni mmoja. Asiyetaka kuingia na mwenzake, aende salama, sitamlaumu."

Kisha akafumba macho tena, kwa sababu hakutaka kuona nani atakayeondoka. Aliogopa. Sasa alikuwa amelisema, na lililosemwa halirudi kinywani, na mmoja wa wale wawili alikuwa anakwenda kuwa mtu wa kupungiwa mkono kutoka mbali.

Akasikia mabuti mazito yakiinuka kizingitini na kutoka nje. Reijo. Alijua angekuwa Reijo. Theluji ikalia chini ya miguu yake kuelekea kwenye banda, pale alipoegemeza mbao zake, kisha kimya. Tauno akahesabu moyoni mambo yote ambayo hatayasikia tena: mguno wa Reijo mvuke wa kwanza ukimpiga, jinsi anavyosema inatosha na kuomba tena. Halafu, kutoka bandani, ukaja mlio wa shoka.

Reijo alirudi na mikono imejaa vijiti vikavu vilivyopasuliwa vyembamba. Alipiga magoti mbele ya mawe, akatazama kuni zilizopangwa, akazibomoa.

"Mbona unabomoa?" Ensio akauliza. "Mwenyewe kashapanga."

"Kapanga akiwa amechoka. Hewa haipiti."

"We tangu lini ukajua kuwasha? Miaka yote umekuja umekuta tayari."

"Na wewe ulikuta nini? Lete maganda, acha porojo."

Moshi ulitoka tunduni umechelewa mno, mweusi na wa kukohoza, na nina hakika kijiji kizima kilishusha pumzi. Kwa Tauno walileta godoro na mablanketi mawili, wakamlaza kwenye chumba cha kuvulia nguo, mlango wazi, wakamkataza kuinuka. Aliinuka mara kadhaa kuwaambia wasijaze kuni nyingi. Kila mara walimrudisha, wakizozana kuhusu namna ya kumrudisha. Ensio akateka maji, akamwaga nusu njiani, njia ikawa kioo cha barafu, Reijo akateleza na ndoo zake. Akamwita Ensio jina ambalo siliandiki. Lakini alimwita kwa jina, hakumwita yule.

Makaa yalipotolewa, walimwuliza Tauno kama maji ya kwanza yamwagwe sasa. Akasema bado. Wakangoja wakiwa wamekaa miguuni pake, wakila mkate mweusi na samaki wa chumvi walioletewa na mke wa Reijo. Wakauliza tena. Akasema bado. Hawakubisha. Jua lilikuwa limeshaegemea misonobari aliposema haya, mwageni, na ikawa bado wangoje nyumba itulie. Nilisema kazi hii si ya mvivu. Siku hiyo waliijua.

Waliingia watatu. Giza la ndani lilikuwa lile lile, harufu ile ile ya moshi na matawi, mawe yakivuta pumzi. Reijo alitupa kata moja ya maji, mvuke ukapanda dari na kuwashukia mabegani, na akaguna ule mguno wake. Tauno alisikia mifupa yake ikilegea kiungo kwa kiungo, na uchovu wote uliokuwa umebanwa ndani ukatoka nje kumlalia. Haukupungua, ulijitokeza tu. Alikuwa mchovu kuliko wakati wowote maishani, na mara hii hapakuwa na kitu cha kubeba.

Ukafika wakati wa kuoshana migongo. Tangu zamani walikaa kwenye ubao wa chini kwa mstari, kila mmoja akimwosha aliye mbele yake: Ensio mbele, Reijo katikati, Tauno nyuma kabisa. Mgongo wa Tauno uliachiwa maji yanayomwagika. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya, ilikuwa hivyo tu. Sasa Reijo alimshika bega, akamkalisha mbele, akaketi nyuma yake na dodoki. Alisugua kama anayesugua mashua, lakini mkono wake ulikuwa wa moto na mpana. Tauno akajaribu kukumbuka ni nani aliyemgusa mgongo mara ya mwisho. Alikuwa mama yake, yeye akiwa bado mtoto wa shule. Akainamisha kichwa, akalia kidogo, na akaacha wamsikie.

Nyuma ya Reijo palibaki nafasi moja, na mtu mmoja amesimama na dodoki lake. Ensio aliutazama mgongo ule uliotaja jina lake mara tatu kwa fungu la shingo. Reijo hakugeuka. Mwishowe Ensio aliketi, akapaka sabuni, akaanza kuosha.

"Kioo kilikuwepo lakini," alisema.

"Kilikuwepo," Reijo akajibu. "Osha, sabuni inakauka."

Sijui kama lile lilikuwa ungamo au ni kukubali tu kwamba dirisha ni dirisha. Ensio naye hakuuliza. Aliosha mpaka kiunoni, kisha Reijo akageuka, akachukua dodoki, na Ensio akampa mgongo wake, nao wakawa wamelipana.

Mtoni walikwenda wawili. Tauno walimfunga mablanketi, wakamkalisha barazani, na kutoka hapo akaiona taa kwenye kigingi na wanaume wawili wazee, weupe, wanaofuka mvuke. Reijo akazama kwanza, Ensio akasimama juu ya barafu akirukaruka kwa baridi. Reijo akatoka. Mwili wake wote ulikuwa unataka kukimbia, Tauno aliujua mwili ule, lakini safari hii alibaki. Alisimama juu ya nyayo zake zinazoganda, akiinua huu na kushusha huu, akimtukana Ensio afanye haraka, na macho yake hayakutoka kwenye shimo mpaka mwenzake aliposhika ngazi na kupanda. Waliporudi, soseji zilikuwa bado hazijachomwa na Tauno alikuwa amelala amekaa, mdomo wazi. Ensio alimwinamia, akasikiliza, akanyoosha mgongo.

"Anakoroma," alisema, na wakamchukua mpaka kitandani, mmoja miguuni na mmoja kichwani, wakigombana nani anamyumbisha.

Uchovu wa miaka haumalizwi na usingizi mmoja. Wiki ile Tauno alitembea kwa kushika meza, magoti yakalia vile vile, na alfajiri mwili wake uliendelea kumwamsha kwa ajili ya theluji ya wengine. Jumamosi iliyofuata uliamka tena gizani. Alikaa pembeni ya kitanda, akazitafuta soksi zake, na kabla ya kuzipata akasikia shoka. Akasogeza pazia, kulikuwa kumeanza kupambazuka. Moshi ulikuwa umelala juu ya misonobari, mwepesi, mweupe, mtu asiyejua angesema Tauno Juntunen ameshawasha sauna. Sauti mbili zilikuwa zinabishana kama kuni za mti wa leppä zipangwe wima au zilazwe, na zote mbili zilikuwa zimekosea.

Aliweka soksi chini. Akalala, akavuta blanketi mpaka sikioni, akaligeuzia dirisha mgongo.